Pindo la Pembetatu Halidanganyiki

Mfarishi wa viraka hustahimili makosa mengi. Kiraka kilichokatwa harakaharaka hubanwa na jirani yake, mshono uliopinda hupotea ndani ya maua ya kitenge, na mfarishi ukishatandikwa kwenye kitanda cha mtoto hakuna mgeni atakayekuja na futi kuupima. Makosa hayo yote hujitokeza siku fundi anapoamua kuumalizia kwa pindo la pembetatu.

Pindo hilo ni safu ya miraba midogo inayouzunguka mfarishi pande zote nne. Kila mraba huundwa kwa pembetatu mbili, moja ya rangi iliyokolea na nyingine ya rangi nyepesi. Miraba ikishonwa mmoja baada ya mwingine, pembetatu zilizokolea hutoa meno yaliyochongoka, ndiyo maana washonaji wa Marekani huliita pindo la msumeno. Likikaa sawa, hata mfarishi mdogo wenye viraka vya kawaida hupata heshima. Likikosea, jicho huliona kosa kabla ya kuona kitu kingine: jino moja limekatika ncha, jingine limevimba, na pembe ya nne imeachwa na nusu mraba usio na mwenyewe.

Wavaaji wa kanga hawahitaji kuelezwa thamani ya pindo. Mji (sehemu ya katikati), jina na pindo ndivyo vinavyoifanya kanga iwe kanga, na mnunuzi makini huangalia kama pindo limezunguka lote kabla hajalipa. Ila pindo la kanga huchapwa pamoja na mji wake, hivyo vipimo vyake vimeshapatana. Pindo la mfarishi hushonwa peke yake mezani, na hukutana na mji wake mwishoni, baada ya kila upande kupata vipimo vyake. Hapo ndipo kazi ilipo.

Kutoka meno ya kukunja hadi meno ya kuunganisha

Washonaji wa zamani wa Marekani waliijua shida hiyo. Katika mifarishi mingi ya mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, meno ya pindo hayakuunganishwa kipande kwa kipande. Mshonaji alichukua utepe mrefu wa kitambaa, akauchanja kwa mkasi kila baada ya nafasi fulani, akakunjia ndani ncha za kila mchanjo mpaka jino likatokea, kisha akaushonea kwa mkono juu ya kitambaa kingine. Utepe ukielekea kupungua, jino moja lilipanuliwa kidogo. Ukizidi, mawili yalisogezwa karibu. Pindo la namna hiyo lina huruma, kwani hesabu hufanyika huku sindano ikitembea.

Meno ya kuunganisha hayana nafasi hiyo. Kila jino lina mshono wake, na kila mshono una kipimo chake. Waamishi wa kaunti ya Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania, waliyatumia kuizunguka almasi kubwa au mistari mipana ya kitambaa cha rangi moja. Kwa kuwa hawakutumia vitambaa vya maua, hapakuwa na pa kufichia jino lililokosea. Mifarishi yao ni somo tosha kwa yeyote anayedhani pindo ni urembo wa kubandika mwishoni.

Mifarishi midogo nayo ina historia yake. Mwaka 1836 Lydia Maria Child, mwandishi na mpinga utumwa wa Massachusetts, alishona mfarishi wa kitanda cha mtoto mchanga uliojaa nyota zenye ncha za pembetatu. Uliuzwa kwa dola 5 kwenye maonyesho ya kuchangia harakati za kupinga utumwa mjini Boston. Mfarishi huo ungalipo hadi leo, nao unaonyesha kwamba udogo wa kazi haukuwa sababu ya kulegeza mkono. Ukweli ni kwamba kazi ndogo ina masharti makali zaidi. Kwenye mfarishi wa kitanda kikubwa, kosa la nusu inchi hutawanyika katika mita mbili za mshono. Kwenye mfarishi wa mtoto, nusu inchi hiyo ni robo ya jino la inchi 2.

Kipimo cha jino

Tuchukue mfano wa mfarishi wa mtoto mchanga wenye meno ya inchi 2. Tunatumia inchi kwa kuwa ndicho kipimo kilichozoeleka katika ushonaji huu, na futi ya fundi cherehani inayo upande mmoja. Mshono ni wa robo inchi mwanzo hadi mwisho.

Ili kupata mraba wa pembetatu mbili ambao ukishashonwa pande zote utabaki na inchi 2, kata miraba ya inchi 2⅞. Nyongeza hiyo ya ⅞ ina maelezo yake: nusu inchi ni ya mishono ya nje, robo kila upande, na ⅜ inayobaki huliwa na mshono wa katikati unaopita mshazari. Kanuni haibadiliki kwa ukubwa wowote wa jino, mradi mshono ubaki robo inchi. Jino la inchi 3 hukatwa 3⅞, la inchi 4 hukatwa 4⅞.

Weka mraba uliokolea juu ya ule wa rangi nyepesi, uso kwa uso. Piga mstari wa chaki au penseli kutoka pembe hadi pembe, shona robo inchi kulia mwa mstari na robo inchi kushoto kwake, kisha kata juu ya mstari wenyewe. Ukifungua utakuta miraba miwili imekwisha kuungana. Njia hii ina faida kubwa kuliko kukata pembetatu kwanza na kuzishona baadaye. Upande mrefu wa pembetatu haufuati uzi wa kitambaa, unaukata mshazari, na kitambaa cha mshazari huvutika kikiguswa tu. Ukishona kabla ya kukata, upande huo dhaifu haupati nafasi ya kuvutika, na pande mbili fupi, zinazofuata uzi, ndizo zinazobaki nje kulishika pindo.

Washonaji wengi hukata miraba ya inchi 3 badala ya 2⅞, kisha hupunguza kila mraba ulioshonwa hadi inchi 2½ kamili, kipimo chake kabla ya kuunganishwa na majirani. Wanapoteza kitambaa kidogo, wanapata usahihi. Kupunguza huko kulikuwa kazi ya kuchosha enzi za mkasi na vipande vya boksi vya kuchorea. Kisu cha gurudumu kilichotolewa na kampuni ya Olfa ya Japani mwaka 1979 kilibadilisha mambo: rula juu ya kitambaa, kisu pembeni yake, mkato mmoja ulionyooka. Asiye na kisu hicho bado anaweza kufanya kazi safi kwa mkasi mkali na boksi gumu lililokatwa mraba wa inchi 2½, lenye mstari wa mshazari wa kulinganisha na mshono.

Pasi nayo ina adabu yake. Ikandamize juu ya mshono kisha inyanyue. Ukiiburuta unavuta mshazari na mraba unageuka msambamba. Laza mshono upande wa rangi iliyokolea, kata vijipembe vinavyochomoza, ndipo uendelee.

Vitambaa vipya, kitenge hasa, vifuliwe kwanza. Dawa ya kukakamaza ikitoka baadaye, kitambaa hulegea na kusinyaa, na rangi iliyokolea huweza kuingia kwenye nyeupe. Afadhali aibu hiyo itokee kwenye beseni kuliko kwenye mfarishi uliokwisha kushonwa.

Usilazimishe meno, sogeza mji

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Tuseme mji wa mfarishi una viraka vikubwa 12, vitatu kwa vinne, kila kimoja kikiwa kimepangwa kutoa inchi 7½. Kwa karatasi, mji una inchi 22½ kwa 30. Pima sasa kwa futi. Usipime ukingoni, kwa sababu kingo hulegea kwa kushikwashikwa. Pima katikati, kwa urefu na kwa upana. Ukitoa robo inchi za mshono ambazo bado ziko nje, huenda ukapata 22¼ kwa 29¾. Hakuna aliyekosea sana. Kila mshono umekula unyuzi au nyuzi mbili, na kitambaa kinapokunjwa juu ya mshono nacho hula unene wake.

Inchi 22¼ haigawanyiki kwa meno ya inchi 2, na 29¾ haigawanyiki pia. Fundi mwenye haraka ana njia tatu mbaya mbele yake. Ya kwanza ni kuvuta pindo mpaka litoshe, nalo litajikunja kama sikio. Ya pili ni kukata jino la mwisho, na pembe zote nne zitatofautiana. Ya tatu ni kubuni meno ya inchi 1 na vipande visivyo na jina kwenye rula, kisha kuyakata hamsini na zaidi bila kukosea hata moja.

Njia nzuri ni kuyaacha meno yalivyo na kuusogeza mji uyafuate. Kati ya mji na pindo huwekwa utepe mwembamba wa rangi moja, na utepe huo ndio unaolipa deni lote. Meno ya inchi 2 yanahitaji upande wa inchi 24, yaani meno 12, na upande wa inchi 32, yaani meno 16. Upana wa mji umepungukiwa inchi 1¾, hivyo utepe wa kushoto na wa kulia uonekane ⅞ ya inchi kila mmoja. Urefu umepungukiwa inchi 2¼, hivyo tepe za juu na chini zionekane inchi 1⅛. Tofauti ya robo inchi kati ya utepe na utepe hakuna atakayeiona, kwa kuwa jicho linafuata meno.

Usizikate tepe hizo kwa kipimo cha mwisho. Zikate inchi 2 zote, zishone kuzunguka mji, piga pasi, kisha punguza mfarishi wote kutoka katikati hadi ubaki na inchi 24½ kwa 32½. Nusu inchi iliyozidi ni ya mishono. Kwa njia hiyo, makosa yote ya viraka 12 yanakatwa kwa mara moja, na pindo linakuta mji ulionyooka.

Pindo lenyewe nalo lijaribiwe kabla ya kushonwa. Miraba 16 ikiwa kila mmoja umepungua 1/32 ya inchi, kiasi ambacho futi ya kawaida haikionyeshi, mwisho wa safu unakuwa umepoteza nusu inchi. Kwa hiyo shona miraba minne, pima. Ikitoa inchi 8½ pamoja na mishono ya mwisho, endelea. Ikipungua, mshono wako ni mpana mno. Upunguze kwa unyuzi mmoja. Ikizidi, upanue.

Pembe ndizo zinazosema

Mpangilio wa meno una njia kuu mbili. Yanaweza kukimbia upande mmoja kuuzunguka mfarishi wote, na macho yakakimbia nayo. Au yanaweza kugeuka katikati ya kila upande, nusu yakitazama kushoto na nusu kulia, ili pembe zote nne zifanane. Njia ya pili inataka idadi ya meno kila upande igawanyike kwa mbili, na ndiyo sababu tulichagua 12 na 16. Mwenye meno 15 atagundua tatizo hilo akiwa ameshashona, na hapo hakuna utepe utakaomsaidia.

Pembeni kabisa, mraba mmoja mtupu wa rangi ya utepe huleta utulivu na humwondolea anayeanza fikra nyingi. Fundi aliyezoea huweka mraba wa pembetatu na kuuelekeza ili meno ya pande mbili yakutane kwa ncha. Vyovyote vile, tandaza pindo lote sakafuni kabla ya kushona, ondoka, rudi, litazame kwa mbali. Jino lililogeuzwa huonekana zaidi kwa mbali kuliko likiwa mkononi.

Shona kwanza pande ndefu, kila moja na miraba yake 16. Weka pini mwanzoni, mwishoni, katikati, kisha kwenye robo, ndipo ujaze zilizobaki. Fuatisha pande fupi, kila moja na miraba 12 na pembe zake mbili. Ukimaliza, mfarishi uwe na inchi 28 kwa 36 bila mishono ya nje, kipimo kinachomtosha mtoto mchanga. Kwa jumla, pindo limekula miraba 56 ya pembetatu, yaani miraba 28 ya kila rangi iliyokatwa mwanzoni, na miraba minne ya pembe.

Kuna mtego mmoja umebaki. Ncha za meno sasa ziko robo inchi tu kutoka ukingoni. Mfarishi ukishawekewa pamba na kitambaa cha chini, ukashonwa tabaka zote pamoja, ukingo wake hufungwa kwa utepe. Ukiushona utepe huo kwa mshono wa ⅜ badala ya robo, umekata ncha zote ulizozihangaikia. Kwa hiyo, kabla ya kuweka pamba, pita ukingoni kwa cherehani, ⅛ ya inchi kutoka mwisho, ili miraba isiachane. Kisha funga ukingo kwa robo inchi kamili. Anayeogopa hatua hiyo aongeze utepe mwingine mtupu nje ya meno, na ncha zitakuwa salama.

Karnataka: ukingo kwanza

Hesabu zote hizi zimetokana na mazoea ya kuanzia katikati kwenda nje. Katika jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wako washonaji wanaofanya kinyume, nao wana undugu na upande wetu wa bahari. Wasiddi ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi kama watumwa. Wengi wa Wasiddi wa Karnataka wanahusishwa na biashara ya Wareno kupitia Goa, bandari iliyopokea watu kutoka Msumbiji na sehemu nyingine za Afrika Mashariki. Leo wamo Wakristo, Waislamu na Wahindu, na wanazungumza lugha za huko waliko.

Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi. Kitambaa cha chini mara nyingi ni sari iliyochakaa, na viraka vya juu hutoka kwenye nguo ambazo familia imezivaa mpaka zikachoka. Mshonaji huanzia pembeni, hupanga viraka kufuata ukingo, na hupiga bandi kwa mkono kupitia tabaka zote kwa pamoja. Akimaliza mzunguko mmoja huingia ndani, mzunguko baada ya mzunguko, hadi anapofika katikati. Hakuna pindo linaloletwa baadaye kugombana na mji, kwa sababu ukingo ndio uliotangulia, na mji hujaa nafasi inayobaki. Kiraka kikizidi kinakunjwa; kikipungua kinaongezewa kingine juu.

Hata hivyo, pembetatu haikosekani. Kwenye kila pembe ya kawandi huwekwa kipande cha kitambaa cha mraba kilichokunjwa na kukunjwa tena mpaka kikawa pembetatu nene. Wenyewe huziita phula, yaani maua, na husema mfarishi usio nazo uko uchi. Mwanahistoria wa sanaa Henry John Drewal wa Chuo Kikuu cha Wisconsin ameandika kwa kina kuhusu kazi hizo, na mwaka 2011 zilionyeshwa katika kituo cha Schomburg, mtaani Harlem, New York. Mifarishi ya watoto wachanga ndiyo inayopambwa kuliko mingine, ikiwekewa viraka vidogo vidogo vya rangi kali juu ya viraka vikubwa.

Washonaji wa Marekani nao wana pembetatu za kukunja. Mraba wa inchi 3 hukunjwa mshazari, kisha hukunjwa tena, na kutoa jino lenye tabaka nne linalochopekwa ukingoni na kuning'inia nje. Kwa kuwa meno hayo yanaweza kulaliana, mshonaji huyasogeza karibu au mbali hadi yatoshe upande wowote, kama yule wa zamani aliyekuwa akichanja utepe. Ni njia inayomfaa mwenye haraka, na kwa mfarishi wa mtoto ina raha yake ya kipekee, kwani vidole vidogo hupata kitu cha kushika.

Achague nani, achague nini

Mwenye mfuko wa mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi anaweza kuchukua njia yoyote kati ya hizi. Kwa kitambaa, pindo la msumeno halina gharama kubwa: miraba 28 ya inchi 2⅞ inatoka kwenye kipande chenye upana wa inchi 44 na kimo cha inchi 6 tu. Vipande vya namna hiyo hufagiliwa kila jioni chini ya cherehani. Ila kwa rangi, mabaki yachaguliwe kwa ukali. Meno huonekana tu pale rangi mbili zinapotengana. Kitenge chenye maua makubwa mekundu na meupe kitayameza meno yake chenyewe. Maua yabaki kwenye mji, na pindo lipewe vitambaa vya rangi moja au vya nakshi ndogo.

Kama viraka vyako vina vipimo na mji umeshakamilika, weka utepe na ushone meno. Kama una nguo kuukuu zisizolingana, na rula inakuudhi, anzia ukingoni kama wanawake wa Karnataka na umalizie kwa phula nne. Njia isiyofaa ni moja tu: kushona mji kwa wiki kadhaa bila kufikiria pindo, kisha kuliomba pindo litoshe. Idadi ya meno iandikwe kwenye karatasi kabla mkasi haujagusa kitambaa, nafasi ya utepe iachwe mapema, na kazi ya mwisho itakuwa nyepesi kuliko zote zilizotangulia.